Shajara ya Mradi: Vipuri Vidogo vya Bunduki za Lee-Enfield na Mabadiliko ya Viwandani

Februari: kuanza kwa kazi

Mradi huu una kusudi moja, nalo ni kuandaa daftari la maelezo ya kila kipande cha bunduki za Lee-Enfield, bunduki za jeshi la Uingereza, zilizomo katika hifadhi ninayoihudumia huku pwani, ili yeyote atakayezitazama baadaye ajue kila kipande kilitengenezwa wapi, kwa njia gani, na kwa nini kilibadilika umbo. Bunduki zote zilizimwa zamani. Mitutu imezibwa kwa kuchomelewa, pini za kupigia zimeondolewa, na hakuna hata moja inayoweza kufyatua risasi. Ninazishughulikia kama ushahidi wa historia, kwa kuwa bunduki za aina hii ndizo zilizobebwa na askari wa King's African Rifles, yaani Keya wa babu zetu, na kumbukumbu za kile walichokuwa wakikishika mikononi ni chache mno.

Orodha niliyoikuta ilikuwa fupi sana. Kila bunduki ilipewa mstari mmoja wenye jina la kiwanda na mwaka uliogongwa kwenye pete ya chuma pale mwili wa bunduki unapokutana na kitako. Bunduki yenye taji, herufi za mfalme na mwaka 1917 iliandikwa kuwa ni bunduki ya 1917, na maelezo yakaishia hapo. Kasoro ya utaratibu huo inaonekana mara tu mtu anapoanza kufungua skrubu. Mwaka ule unauhusu mwili peke yake. Kilengeo cha nyuma kinaweza kuwa cha muongo mwingine, kibao cha nyuma ya kitako kikawa cha kiwanda cha bara jingine, na ubao wa mbele ukawa umewekwa na fundi silaha wa kikosi aliyetumia kilichokuwa karibu yake siku hiyo. Sehemu moja tu hailegezi uhusiano wake na mwili, nayo ni komeo, kile kipande kinachovutwa na kusukumwa ili kupakia risasi, kwa sababu hulinganishwa na mwili wake kiwandani na hugongwa namba ileile nyuma ya mkono wake. Namba mbili zisipofanana, tunajua kwamba kuna mtu aliyebadilisha.

Kwa hiyo nimeamua kwamba daftari jipya litakuwa na mstari kwa kila kipande, wala si mstari kwa kila bunduki. Kazi itakuwa kubwa, lakini sioni njia nyingine ya uaminifu.

Machi: kibao cha kuzuia magazini, na mabadiliko ya 1916

Nimeanza na bunduki fupi, zile ambazo Waingereza waliziita Mk III (Mk ni kifupi cha Mark, yaani toleo), zilizoidhinishwa Januari 1907. Hii ilikuwa silaha iliyotengenezwa kwa desturi za wakati wa amani, wakati ambapo kiwanda kilikuwa na mafundi wa kutosha, muda wa kutosha, na wakaguzi waliokuwa tayari kukataa kipande kwa mkwaruzo. Ukiishika ile iliyo nzima zaidi katika hifadhi yetu, unaona fikra za jeshi la kabla ya vita zikiwa zimechongwa katika chuma.

Upande wa kulia wa mwili, juu kidogo ya magazini, kuna ufa mrefu uliochongwa kwa usawa, na ndani yake mna kibao chembamba cha chuma kinachozunguka kwenye skrubu moja. Ukikisukuma ndani, kinafunika mdomo wa magazini. Askari alitakiwa kupakia risasi moja moja kwa mkono na kuzihifadhi zile kumi za ndani ya magazini kwa ajili ya dharura, hadi ofisa atakapoamuru kibao kivutwe. Upande wa kushoto kuna kisahani chenye alama za umbali, kilichofungwa kwenye ubao wa mbele, pamoja na mkono mdogo wenye tundu karibu na kizuizi cha usalama. Viwili hivyo vilitumiwa pamoja kwa kulenga mbali sana, hadi yadi 2,800, si kwa kumlenga mtu mmoja bali ili kikosi kizima kirushe risasi kwa pamoja na kuzimwaga juu ya eneo walimokusanyika maadui. Kilengeo cha nyuma nacho kilikuwa na skrubu ya pembeni ya kukisogeza kushoto au kulia kufuata upepo.

Tarehe 2 Januari 1916 iliidhinishwa Mk III yenye alama ya nyota, na katika nyota hiyo moja mna vita nzima. Kibao cha magazini kiliondolewa. Vilengeo vya mbali viliondolewa. Skrubu ya upepo iliondolewa. Baadaye mwaka huohuo kipande cha kukokea, kile kinachoshikwa kwa vidole nyuma ya komeo, kiliacha kuwa na kifundo cha mviringo kilichokerezwa vizuri, kikawa bapa pande zote mbili na kutiwa mikwaruzo ya kushikia. Vita vya mahandaki vilikuwa vimeonyesha kwamba hakuna aliyekuwa akimlenga adui kwa yadi 2,800 kwa bunduki ya mkononi, na kwamba askari anayeshambuliwa anazihitaji risasi zote kumi mara moja. Hata hivyo siamini kwamba sababu ya kimapigano peke yake ingetosha kubadilisha mchoro uliokuwa umekubaliwa. Kilichosukuma uamuzi ule ni saa za mashine. Kila kipande kilichoondolewa kilikuwa na vikato vyake, matundu yake, skrubu zake na ukaguzi wake, na viwanda vya Enfield na vya kampuni ya BSA (Birmingham Small Arms) huko Birmingham vilikuwa vikidaiwa bunduki kwa maelfu.

Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba mabadiliko hayakufika siku moja kila mahali. Kampuni ya London Small Arms iliendelea kutengeneza Mk III kwa mtindo wa zamani wakati wenzake walikwisha kuhamia kwenye nyota. Katika hifadhi yetu nimekuta hali tatu tofauti, na daftari sasa linazitofautisha: mwili wenye ufa na kibao chake, mwili wenye ufa usio na kibao, na mwili ambao haukupasuliwa kamwe. Hali ya pili ndiyo yenye maelezo mengi. Ufa upo kwa sababu mashine ya kuukata ilikuwa bado imepangwa vilevile, au kwa sababu miili ilikwisha kuchongwa kabla ya amri, na hakuna kiwanda ambacho kingeitupa miili mizuri kwa ajili ya ufa usio na madhara. Ipo pia bunduki ya nyota iliyowekewa kibao baada ya vita, kwani jeshi lilipopata tena utulivu lilirudia baadhi ya desturi zake za zamani. Mtu anayesoma alama ya nyota bila kutazama ufa atayakosa haya yote.

Kuna kuondolewa kumoja ambako kunanisikitisha kama mtunza kumbukumbu. Katika kitako cha bunduki za awali kulikuwa na kisahani cha shaba ya njano kilichogongwa jina la kikosi na namba ya bunduki. Wakati wa vita kilionekana kuwa anasa, na pia kilimpa adui taarifa za bure. Vitako vya baadaye havina hata shimo lake. Kwa hiyo bunduki za miaka ambayo maelfu ya watu wetu waliingizwa vitani, kutoka Tanga ya Novemba 1914 hadi Msumbiji ya 1918, ndizo ambazo mara nyingi haziwezi kutuambia zilikuwa za kikosi kipi.

Aprili: mashauriano na fundi wa kukereza

Nilihitaji kuelewa tofauti za vipande kwa jicho la mtu anayefanya kazi ya chuma, kwa hiyo nilivichukua vilengeo viwili vya nyuma vilivyofunguliwa zamani kutoka kwenye bunduki za No. 4, aina ya baadaye ya Lee-Enfield, kwa idhini ya wasimamizi, nikaenda navyo kwa fundi mmoja wa kukereza vyuma katika eneo la Gerezani, Dar es Salaam. Ni mtu mzima aliyeanza kazi hiyo akiwa kijana, na karakana yake hutengeneza vipuri vya mashine za kukobolea na pampu.

Kilengeo cha kwanza ni cha aina ya Mk I. Ni fremu ya chuma inayosimama, na katikati yake mna skrubu ndefu yenye kifundo kidogo juu. Ukikizungusha kifundo unasikia mlio mdogo kwa kila hatua, na kipande chenye tundu la kutazamia kinapanda au kushuka, kuanzia yadi 200 hadi 1,300. Fundi aliinamia dirisha, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa ndani wa fremu, kisha akakizungusha kifundo kile mara kadhaa bila kusema neno.

“Hiki, mwanangu, kimetolewa kwenye pande zima la chuma,” akasema hatimaye. “Kimechongwa, kikatobolewa, kikakatwa uzi, kikaandikwa namba, ndipo kikatiwa moto. Na fundi wa kila hatua alikuwa anamwogopa mkaguzi.”

“Na hiki cha pili, mzee?”

“Hiki ni bati nene lililopigwa kalibu na kukunjwa. Kalibu ndiyo ngumu kuitengeneza. Ukishaipata, hata kijana wa wiki moja atakutolea mia.”

Cha pili kilikuwa cha aina ya Mk III, ambacho kina mizani ileile ya umbali lakini badala ya skrubu kina kitelezi kinachobanwa kwa kidole na kukaa kwenye meno ya pembeni. Maneno ya fundi kuhusu kijana wa wiki moja nimeyaandika neno kwa neno, kwa sababu ndiyo maelezo bora niliyoyasikia ya kilichotokea Uingereza baada ya 1940. Ustadi uliokuwa mikononi mwa wengi ulihamishiwa kwa watengenezaji wachache wa kalibu, na viwanda vikaweza kujazwa watu, wanawake wengi miongoni mwao, ambao hawakuwahi kugusa mashine ya chuma hapo kabla.

Mei: No. 4 na kilengeo chake cha nyuma

Bunduki ya No. 4 ilizaliwa kwa ajili ya uzalishaji mwepesi. Majaribio yake yalianza muda mrefu kabla ya vita, iliidhinishwa Novemba 1939, na uzalishaji mkubwa ulianza 1941, baada ya jeshi la Uingereza kuacha silaha nyingi mno huko Ufaransa. Wakati huohuo viwanda vyenyewe vilikuwa shabahani. Usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 kiwanda cha BSA cha Small Heath, Birmingham, kilipigwa mabomu na wafanyakazi 53 wakauawa. Kazi ya No. 4 ilisambazwa: Fazakerley karibu na Liverpool, Maltby huko Yorkshire, Shirley nje ya Birmingham chini ya BSA, Long Branch karibu na Toronto nchini Kanada, na kiwanda cha Savage huko Chicopee Falls, Massachusetts, nchini Marekani. Vipande vya BSA Shirley vinatambulika kwa M47C, ambapo M ilimaanisha eneo la kati la nchi, kwa kuwa hawakutaka jina la kiwanda lisomeke kwenye silaha iliyotekwa. Bunduki za Savage zina maandishi ya kudai kuwa ni mali ya Marekani, ingawa jeshi la Marekani halikuzitumia. Zilipitia mpango wa mikopo ya silaha uliotiwa saini Machi 1941, na sheria ilitaka hivyo.

Kilengeo cha nyuma ndicho kipande kinachoonyesha shinikizo la vita kwa uwazi kuliko vyote, na nimekipa nafasi kubwa katika daftari. Mk I, kile alichokisifu fundi wa Gerezani, kilikuwa kizuri na cha gharama. Dharura ilipobana kikaja Mk II, ambacho ni kipande kimoja chenye pembe mraba na matundu mawili, moja la yadi 300 na jingine la yadi 600, na askari anageuza tu lile analolihitaji. Hakuna skrubu, hakuna mlio, hakuna kinachosogea isipokuwa ekseli yake. Baada yake zikaja Mk III na Mk IV za bati lililopigwa kalibu, zilizorudisha mizani ya umbali bila kurudisha gharama ya uchongaji, na Wakanada wakawa na matoleo yao wenyewe.

Watu wengi wanaokusanya bunduki hizi ughaibuni hukidharau kile cha Mk II. Mimi nakiheshimu. Aliyekibuni alijiuliza askari anafyatua kwa umbali gani hasa, akalijibu swali hilo kwa matundu mawili, na kwa jibu hilo bunduki nyingi zilifika mikononi mwa watu mapema zaidi. Ugumu kwa mtafiti ni kwamba vilengeo hivyo vimebaki vichache katika mahali pake pa asili, kwa sababu bunduki zilizopelekwa kukarabatiwa upya baada ya vita, hasa Fazakerley, mara nyingi ziliwekewa Mk I. Bunduki yetu moja ya Maltby ya 1942 ina kilengeo cha Mk I kisicho na dalili yoyote ya uchakavu, na alama za ukarabati kwenye mwili zinaeleza kwa nini. Mgeni akiiona bila maelezo atadhani kwamba mwaka 1942, katika shida yote ile, Maltby ilikuwa ikitoa vilengeo vya kifahari.

Nimepima pia vilengeo vya mbele. Hivi vilitengenezwa kwa vimo tofauti vilivyotofautiana kwa elfu 15 za inchi, na fundi silaha alichagua kimo kinachofaa baada ya kuijaribu bunduki. Hapa mabadiliko ya uzalishaji ni kidogo, kwa hiyo maelezo yake ni mafupi.

Juni: singe

Singe za No. 4 ziko katika sanduku moja, na zilipopangwa mezani kwa mfuatano wake zilinieleza jambo lilelile kwa kasi zaidi. Ya kwanza, Mk I, ni mwiba wa chuma wenye mifereji minne iliyochongwa kwa urefu, hivi kwamba ukiutazama kwa ncha unaona umbo la msalaba. Yapata 75,000 za aina hiyo zilitengenezwa na kampuni ya Singer katika kiwanda chake cha Clydebank, Uskoti, kiwanda kilekile kilichozijaza nyumba za dunia nzima, za pwani hii zikiwemo, vyerehani vya mguu na vya mkono. Clydebank ilishambuliwa kwa mabomu Machi 1941, na yadi ya mbao ya Singer ikateketea. Herufi SM zilizogongwa kwenye singe yetu zinasomeka bado.

Mk II haina mifereji. Ni mwiba wa mviringo tu, kwa sababu mifereji ile ilikula muda wa mashine bila kuongeza kitu ambacho askari angekiona. Iliyofuata ilitengenezwa kwa vipande viwili, mwiba na kikombe chake, vikaunganishwa, ili kuepuka kuchonga pande moja kubwa la chuma na kutupa sehemu kubwa kama vumbi. Mk III ndiyo ya mwisho katika safari hiyo: kikombe chake kimeundwa kwa mabati yaliyopigwa kalibu na kuchomelewa, na mishono ya kuchomelea imeachwa ikionekana. Ilitengenezwa na kampuni ya Lucas ya Birmingham, iliyojulikana kwa taa na vifaa vya umeme vya magari. Ukiiweka Mk III kando ya Mk I huwezi kuamini kwamba zinaingia kwenye mdomo wa bunduki ileile, lakini zinaingia, na zinakaza sawasawa.

Julai: mahali ambapo urahisishaji ulizidi

Nisingependa daftari lisomeke kana kwamba kila kilichorahisishwa kilikuwa sawa na kilichotangulia. Kipo kipande kimoja ambacho, kwa maoni yangu, kiliondolewa kimakosa.

Kichwa cha komeo cha Lee-Enfield huteleza juu ya mbavu nyembamba ya chuma upande wa kulia wa mwili. Ili komeo litoke kwa ajili ya kusafishwa, lazima kichwa kiachwe kiinuke kutoka kwenye mbavu hiyo. Katika No. 4 Mk I kazi hiyo ilifanywa na kitufe chenye springi kilichokaa nyuma: unakibonyeza, unavuta komeo hadi mwisho, kichwa kinapanda. Kitufe kile kilihitaji kutobolewa shimo lake katika mwili, kuchongwa chenyewe, na kuwekewa springi. Long Branch na Savage walikiacha kuanzia 1942, na bunduki zao zikapewa nyota. Badala yake walikata pengo dogo katika mbavu yenyewe, karibu na sehemu ya mbele, na kichwa cha komeo kinainuliwa kinapofika hapo.

Pengo hilo liliokoa vipande kadhaa na hatua kadhaa za kazi, lakini lilikata njia ya kichwa cha komeo mahali kinapopita kwa kila risasi. Kona ya pengo hupokea kichwa kila mara kinaporudishwa mbele kwa nguvu, na chuma cha hapo ni chembamba. Bunduki yetu ya Long Branch ya 1943 inaonyesha matokeo. Nimeitazama kwa lenzi chini ya taa ya pembeni: ukingo wa nyuma wa pengo uko kamili na weusi wake upo, ilhali ukingo wa mbele umemegeka, na mmegeko umeacha uso wenye chembechembe za kijivu usiofanana na sehemu iliyosuguliwa taratibu. Hali ikifika hapo, kichwa cha komeo kinaweza kuruka nje ya njia yake pasipo kutakiwa. Viwanda vya Uingereza vilibaki na kitufe, na naona walifanya vyema.

Katika bunduki hizohizo za nyota, hata hivyo, kuna urahisishaji ambao ulikosolewa sana na ambao haukustahili. Mitutu mingi ya wakati wa vita ilichongwa mifereji miwili ya ndani badala ya mitano ya kawaida. Majaribio yalionyesha kwamba ilitosha kwa kazi ya vita. Mdomo wa bunduki yetu ya Savage, licha ya kuzibwa ndani, unaiacha mifereji hiyo miwili ionekane waziwazi, na nimeipiga picha kwa karibu.

Bunduki za No. 4 zilikuwa pia na vichwa vya komeo vilivyoandikwa 0, 1, 2 au 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia, ili chuma kikilika kwa matumizi fundi abadilishe kichwa badala ya komeo zima. Mpango huo haukuwa wa kubana matumizi kiwandani. Ulihamisha sehemu ya marekebisho kutoka kiwandani hadi kwenye meza ya fundi silaha. Nyingi za kwetu zina 1 au 2.

Agosti: mbao, unyevu na kilimi

Mwezi huu nimeshughulikia kipande ambacho hakionekani kabisa bunduki ikiwa imefungwa, nacho kinahusiana na mbao kuliko chuma.

Mbao za walnati zilipopungua, kila nchi ilitumia mbao zilizokuwa karibu. Katika kiwanda cha Lithgow, Australia, ambako bunduki fupi ziliendelea kutengenezwa, walitumia mbao laini zaidi za huko, ikiwemo kochwudi. Mbao hiyo ilishindwa kustahimili msukumo wa nyuma wa mwili wakati wa kufyatua, kwa hiyo waliweka vibati vidogo vya shaba nyekundu mahali chuma kinapoegemea ubao. Kiwanda cha Ishapore, India, kilipata jibu lake chenyewe: skrubu moja iliyopitishwa kwa upana katika ubao wa mbele ili usipasuke. Kichwa cha skrubu hiyo kinaonekana kwa nje, na kwa hicho pekee nimeweza kutambua ubao wa Ishapore uliokuwa umewekwa kwenye mwili wa Enfield.

Lakini tatizo kubwa zaidi lilikuwa la kilimi, yaani kile kipande ambacho kidole hukivuta ili kufyatua. Katika bunduki fupi na katika No. 4 za vita, kilimi kilining'inia kwenye mlinzi wake wa chini, na mlinzi huyo alifungwa kwenye ubao. Kipande ambacho kilimi hukisukuma, kinacholiachia komeo, kilifungwa kwenye mwili wa chuma. Kwa maneno mengine, sehemu mbili ambazo lazima zigusane kwa usahihi wa hali ya juu zilitenganishwa na ubao, na ubao hunywa unyevu na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi, maana sote tunaijua milango inayogoma kufungwa wakati wa masika. Mvuto wa kilimi ulibadilika kulingana na majira na mahali, na fundi silaha alipaswa kuurekebisha tena na tena kwa tupa au kwa kubadilisha vipande.

Mwaka 1949 ilikuja No. 4 Mk 2, ambayo kilimi chake kimening'inizwa moja kwa moja kwenye mwili wa chuma, na ubao ukaondolewa katika uhusiano huo. Bunduki za zamani ziliongezewa kipande cha chuma chini ya mwili kwa kuunganishwa kwa moto, zikaitwa Mk 1/2, na zile zilizokuwa na nyota zikaitwa Mk 1/3, zikiwa bado na lile pengo la mbavu nililolieleza mwezi uliopita. Badiliko hili ndilo ninaloliona kuwa bora kuliko yote katika historia ya bunduki hii, na halikuzaliwa na haraka. Lilifanywa wakati wa amani, na watu waliokuwa na nafasi ya kusikiliza malalamiko yaliyorudi kutoka nchi zenye joto na mvua.

Katika hifadhi tunazo bunduki mbili zilizobadilishwa namna hiyo. Ukigeuza moja na kutazama nyuma ya ubao wa mbele, unaona mahali ubao wa awali ulipokatwa ili kukipisha kilimi kipya, na alama za patasi bado zimo, zisizo na rangi ya mafuta iliyopenya sehemu nyingine.

Septemba: hali ya sasa

Daftari sasa lina safu za aina ya kipande, alama iliyogongwa, njia ya utengenezaji kadiri inavyosomeka kwenye uso wa chuma, na uhusiano wa kipande hicho na mwili wake. Safu ya njia ya utengenezaji imegawanywa katika makundi yafuatayo: kuchongwa kutoka pande zima, kupigwa kalibu kutoka bati, kuchomelewa, kusubiwa, na kukunjwa kutoka waya nene. Kundi la mwisho linahusu hasa vipete vya mkanda, ambavyo havijakaguliwa vyote.

Kazi ya haraka kuliko zote iko kwenye vibao vya nyuma ya vitako. Vya awali ni vya shaba ya njano na vimestahimili hewa ya bahari bila shida, lakini vile vilivyosubiwa kwa mchanganyiko wa zinki wakati wa vita vimeanza kutoa unga mweupe kwenye pembe, na kimoja kina mwanya mwembamba unaoanzia kwenye tundu la skrubu. Vibao vyote vya zinki vimehamishiwa kwenye droo lenye mifuko ya kufyonza unyevu, skrubu zake zimewekwa alama, na upigaji picha wa mwezi ujao utaanza navyo kabla ya kipande kingine chochote.